"Hiyo Haki Kwenye Katiba Haimo": Dhana Potofu na Ukweli

Mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, mama mmoja anayeanika dagaa alinionyesha nakala yake ya Katiba, kurasa zimeshika mafuta ya samaki. Kidole kilishuka ibara kwa ibara, kuanzia ya 12 hadi ya 24. "Mwanangu, mazingira safi hayamo. Nikalalamikie nini?" Kando ya vichanja vyake lundo la taka lilikuwa linachuruzika kuelekea ziwani.

Dhana hiyo naisikia kila siku: kisichotajwa hakilindwi. Inaniuma, maana inawanyamazisha watu wenye madai ya kweli. Ukweli ni kwamba haki moja huweza kubeba nyingine. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Katika shauri la mwaka 1991, wakazi wa Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam, walilishtaki jiji kwa kumwaga taka mtaani kwao. Mahakama Kuu iliwapa haki, ikiitegemea ibara hiyohiyo, ingawa haina neno "taka" wala "mazingira". Tena leo mama yule ana pa kushika zaidi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaitaja haki ya mazingira safi waziwazi.

Na orodha yenyewe haikushuka na Katiba. Katiba ni ya 1977. Tamko la Haki, yaani orodha hiyo, liliingizwa mwaka 1984. Je, kabla ya hapo watu hawakuwa na haki ya kuishi?

Wengine hudhani kila katiba ina kifungu kinacholinda haki zisizotajwa. Marekani wanacho, Marekebisho ya Tisa ya 1791. Uganda wanacho katika ibara ya 45, Kenya katika ya 19. Yetu haina kifungu cha namna hiyo, kwa hiyo kwetu kazi kubwa huangukia tafsiri ya majaji. Natamani tungekiandika.

Wapo pia wanaoamini kwamba ukishaipata haki ya namna hii, haina mipaka. Ibara ya 30 inaweka mipaka kwa zote. Isitoshe, mwaka 2020 liliwekwa sharti kwamba anayefungua shauri la haki za msingi aape jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe, sharti ambalo Mahakama ya Rufani ililibatilisha mwaka 2025.

Mama yule angeweza kuapa hata kwa sharti hilo. Nilihesabu: kutoka kwenye lundo hadi kichanja cha kwanza ni hatua sita.