Wakatoliki hawafundishi wokovu kwa matendo
Moshi, ambako nyumba moja huweza kuwa na baba Mlutheri na mama Mkatoliki, husemwa sana: “Walutheri wanaokolewa kwa imani, Wakatoliki kwa matendo.” Si kweli.

Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ule ule uliompinga Luther, ulifundisha mwaka 1547 kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki (kukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki), iwe imani au matendo, kinachostahili neema hiyo. Kudhani mtu aweza kujiokoa kwa juhudi zake ni fundisho la Pelagio, mwalimu wa Kikristo wa kale, lililokataliwa na mtaguso wa Karthago, Afrika Kaskazini, tangu mwaka 418. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja: Mungu hutupokea kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006.

Kinachopotosha ni kusoma peke yake Yakobo 2:24, isemayo kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Waefeso 2:8-10 inaonyesha mpangilio: neema, imani, ndipo matendo.

Tofauti zipo bado, tena za kweli. Tamaa inayobaki baada ya ubatizo, Walutheri huiita dhambi. Wakatoliki husema huwa dhambi mtu anapoiridhia.