Fasheni za ajabu: tunavyocheka vifaa vya kweli na kununua vya uongo

Mi napenda sana hivi vikorokoro vya fasheni, zile bidhaa ukiziona mara ya kwanza unajiuliza hivi nani alikaa chini akawaza hiki kitu. Pete inayobadilika rangi, begi lenye sola, kola inayogeuka helmeti, miwani iliyotengenezwa kwa vyuma chakavu. Kinachoniuma ni kwamba mambo mengi watu wanayoyaamini kuhusu hivi vitu yamegeuka miguu juu kichwa chini, yani kitu chenye kazi ya maana kikiwa na sura ya ajabu kinachekwa, alafu kitu kisicho na kazi yoyote kikipewa jina la kisayansi na boksi zuri watu wanajipanga kununua.

Naanza na bangili kwa sababu hapo ndo pesa nyingi zinapopotea.

"Bangili ya nishati inaongeza nguvu na balansi ya mwili"

Hapana, haiongezi. Ile maarufu kuliko zote ilikuwa Power Balance, bangili ya silikoni yenye kastika kanachong'aa, na wanamichezo wakubwa kama mchezaji wa kikapu Shaquille O'Neal waliivaa kwaiyo dunia nzima ikaitaka. Desemba 2010 tume ya ushindani na walaji ya Australia ikaibana kampuni, na kampuni yenyewe ikakiri hadharani kwamba haina ushahidi wa kisayansi wa kuaminika kwa yale iliyokuwa inayasema, ikatakiwa irudishe pesa kwa wateja walionunua. Mwaka uliofuata ikaandamwa na kesi Marekani na Novemba 2011 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya muflisi.

Sasa mtu atakwambia mbona mimi nilijaribiwa nikaona kwa macho yangu. Lile jaribio ni hivi, muuzaji anakwambia simama mguu mmoja nyoosha mkono pembeni, anakusukuma mkono kwenda chini unayumba, alafu anakuvalisha bangili anasukuma tena na safari hii unasimama imara kabisa. Siri iko kwenye upande anaosukumia, mara ya kwanza anavuta mkono kidogo kuelekea nje ya mwili wako kwaiyo lazima uyumbe, mara ya pili anausukuma kuelekea kwenye mwili, uzito unabaki juu ya mguu uliosimamia. Isitoshe mara ya pili mwili wako umeshajua nini kinakuja, umejikaza. Mwambie akujaribu akiwa hajui kama umevaa au hujavaa, na asukume upande uleule mara zote, utaona tofauti yote inapotea.

Bangili za sumaku na za shaba nazo ziko hapohapo. Watafiti wa chuo kikuu cha York kule Uingereza waliwavalisha wagonjwa 70 wa baridi yabisi bangili za aina zote, za sumaku zenye nguvu, za sumaku dhaifu, za shaba na za kawaida, matokeo yakatoka 2013 na hamna iliyopunguza maumivu au uvimbe kuliko ile ya kawaida. Kama bibi yako anaipenda kwa urembo avae tu, shaba ni nzuri inang'aa, ila asiache dawa zake za hospitali. Hilo ndo naliogopa kuliko hata ile pesa.

Alafu kuna zile mkufu za "nishati ya kwanta" na zile zinazouzwa kwamba zinakukinga na mionzi ya 5G. Hizi sio za kusema hazina faida wala hasara. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilitaja bidhaa 10 za aina hiyo, kuna mikufu, kuna bangili, kuna hadi kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala, ikasema zenyewe ndo zinatoa mionzi, na ukivaa muda mrefu usiku na mchana inaweza kudhuru. Watu waliambiwa waache kuzivaa na waziweke mbali. Yani mtu kanunua kinga ya mionzi kumbe kavaa chanzo cha mionzi shingoni. Ukiona mkufu wa hivyo sokoni achana nao kabisa, na umwambie na ndugu yako.

Pete inayobadilika rangi naipitia haraka. Ilivuma kuanzia New York mwaka 1975 na mpaka leo kuna wanaoamini inasoma hisia, ikiwa nyeusi una hasira, ikiwa bluu una amani. Ndani yake kuna fuwele za majimaji zinazobadilika rangi kwa joto, basi. Umeshika soda ya baridi itakuwa nyeusi hata kama leo ndo siku yako ya harusi. Ila kama urembo ni kitu kizuri na fizikia yake inavutia, ukimnunulia mtoto mweleze hiyo sehemu ya joto atafurahi zaidi.

"Helmeti ya upepo ni utani wa Wazungu"

Hapa sasa tunaingia kwenye vitu vya kweli vinavyochekwa. Wanawake wawili wa Sweden, Anna Haupt na Terese Alstin, walianza mwaka 2005 wakiwa wanafunzi wa usanifu chuo kikuu cha Lund na swali moja, kwanini watu wazima hawapendi kuvaa helmeti za baiskeli, na jibu likawa inaharibu nywele na haipendezi. Wakatengeneza Hövding, kola unavaa shingoni kama skafu, ndani kuna mfuko wa hewa uliokunjwa pamoja na vitambuzi vinavyofuatilia mwendo wako muda wote. Ukianguka vinagundua mwendo sio wa kawaida, gesi inajaza mfuko kwa takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde, unafunika kichwa na shingo kabla hujagusa lami. Ikaingia sokoni 2011.

Watu waliona video wakasema feki. Lakini mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford kule Marekani waliangusha kichwa cha bandia kikiwa na helmeti ya upepo na kingine na helmeti ya kawaida ya povu, na ile ya upepo ikapunguza sana mshtuko unaofika kwenye kichwa, kwa mbali kuliko povu. Ila na wao waliweka tahadhari, helmeti walizopima zilikuwa zimeshajazwa hewa tayari, kwaiyo hilo halijibu swali la kama itafunguka kwa wakati kila mara.

Na hiyo ndo dhana potofu ya upande wa pili, kwamba basi ingekuja huku madereva wa bodaboda wakavaa tumalize kesi. Hapana jamani. Ilitengenezwa kwa baiskeli ya kupiga pedali, ina betri ya kuchaji, na ikishafunguka mara moja huwezi kuikunja ukavaa tena. Alafu Desemba 2023 mamlaka ya walaji ya Sweden ilisimamisha mauzo yake kwa hoja za usalama na kampuni ikafilisika mwezi huohuo. Mi sioni kama wazo lenyewe limekufa, maana kwenye pikipiki mifuko ya hewa inatumika kweli, madereva wa mashindano ya MotoGP wamelazimishwa kuvaa suti zenye mfuko wa hewa tangu 2018. Ila hata wao wanavaa helmeti ngumu kichwani. We abiria wa boda dai helmeti yako na uifunge kamba, usiishike mkononi.

Velkro, ile mikanda ya kubandika na kubandua kwenye viatu na mabegi, nayo ina hadithi yake, watu wengi wanaamini ni kazi ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani. NASA waliitumia sana kwenye safari za mwezini ila aliyeibuni ni mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, mwaka 1941 alirudi kutoka kutembea na mbwa wake akakuta mbegu za magugu zimeng'ang'ania nguo na manyoya, akaziangalia kwa hadubini akaona vindoano. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi kuigeuza kuwa bidhaa.

Na fimbo ya selfi? Wengi tunadhani imeletwa na simu za kamera ya mbele. Mjapani Hiroshi Ueda, aliyekuwa kampuni ya kamera ya Minolta, alishaitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kamera ya filamu, haikuuza. Mwaka 1995 fimbo ya aina hiyo ikawekwa kwenye kitabu cha vitu vya Kijapani visivyo na maana, watu wacheke. Hataza ya Ueda, yani haki yake ya ubunifu, ikaisha muda 2003, simu zikaja, wakatajirika wengine.

Ndo maana nikisikia mtu anacheka kazi za kwetu roho inaniuma kweli. Cyrus Kabiru wa Nairobi anatengeneza miwani kwa nyaya, vijiko na vyuma alivyookota mtaani, kuna waliosema hizo ni takataka, na leo kazi hizo zinaoneshwa kwenye majumba ya sanaa nje ya Afrika. Pale Mwanza Innocent James anashona mabegi ya shule kwa mifuko ya saruji iliyotumika, nje ameweka kisola kinachochaji mtoto akiwa njiani, usiku anapata taa ya kusomea badala ya koroboi. Wanaosema begi la sola ni manjonjo labda nyumbani kwao umeme haujawahi kukosekana.

Mwisho miwani, maana hii tunavaa wote.

"Miwani nyeusi zaidi ndo inakinga zaidi" ni uongo na ni wa hatari. Weusi unapunguza mwanga unaouona, lakini miale ya UV, ile ya jua inayodhuru macho, huioni, inazuiwa na kichujio kilichopo kwenye lenzi, na lenzi nyeupe kabisa inaweza kuwa nacho. Mbaya zaidi ukivaa nyeusi isiyo na kichujio mboni inatanuka kwa sababu ya giza, UV inaingia kwa wingi. Tafuta iliyoandikwa UV400, yani lenzi yenye kichujio cha UV. Lenzi ya polaraizi ni kitu kingine, inapunguza mng'ao wa maji na lami tu. Na zile zinazojigeuza rangi juani usishangae zikigoma ukiwa ndani ya gari, kioo cha mbele kinazuia UV na hiyo UV ndo inayoziamsha.

Ya "kukinga mwanga wa bluu wa kompyuta" nayo mapitio ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi kuliko lenzi ya kawaida. Macho yanachoka kwa kuwa ukitazama skrini unapepesa kidogo. Kila dakika 20 tazama kitu kilichopo mita sita hivi kwa sekunde 20, ni bure. Na kwa miwani ya jua uliyonunua barabarani kwa elfu tano, kastika ka UV400 kanaweza kubandikwa na yeyote, kwaiyo ipeleke kwenye duka la miwani lenye kipimo waipime, inachukua sekunde chache.