Mwenzako wa timu akianza kukutukana: kwa mnaoanza Dota 2

Nafundisha watu wanaoanza Dota 2, gemu la kompyuta linalochezwa na timu mbili mtandaoni, wengi wao vijana wa Dar es Salaam na Mombasa. Wanaoacha njiani huwa hawaachi kwa sababu gemu ni gumu. Ugumu wanaupenda, ndio uliowavuta. Wanaacha kwa sababu kila jioni wanakaa karibu dakika 40 na mtu wasiyemjua anayewaambia kwamba ni takataka, wafute gemu, wakalale. Jambo hili linaniuma kwa sababu linazuilika, na kulizuia kunafundishika kama unavyofundishwa kununua silaha au kusoma ramani.

Kwanza tuone hasira inatoka wapi. Dota ni watu 5 kwa 5. Ukifa, aliyekuua anapata dhahabu na uzoefu, ananunua silaha mapema, halafu silaha hiyo anakwenda kuitumia kwa mwenzako ambaye hakukosea chochote. Kosa lako analilipa yeye. Na kuondoka hawezi: akitoka katikati ya mechi anahesabiwa utoro, akizidisha anapelekwa kwenye foleni ya adhabu hadi ashinde mechi alizopangiwa. Watu watano wasiojuana wamefungiwa pamoja, kila mmoja anaumizwa na makosa ya mwingine, na wote wana kibodi mkononi. Sisemi hivi kuwatetea. Nataka ujue tu kwamba mazingira yenyewe yanachemsha watu, hata wale ambao ukikutana nao mtaani watakusalimia vizuri.

Hilo limechunguzwa. Riot Games, wenye League of Legends, gemu linalofanana na Dota, waliajiri watafiti wa tabia za watu kuchambua mechi zao, na mwaka 2016 jarida la Nature likaeleza walichokiona: wakorofi wa kudumu walichangia takriban asilimia 13 tu ya tabia mbaya ndani ya mchezo. Asilimia 87 ilitoka kwa watu ambao muda mwingi hawana shida, wengine ni wachezaji wema kabisa. Yaani anayekutukana leo, uwezekano mkubwa ni mtu wa kawaida aliyepoteza mechi mbili mfululizo kabla ya kupangwa na wewe. Riot hao hao walijaribu jambo jingine. Soga kati ya timu pinzani waliizima tangu mwanzo, anayeitaka aiwashe mwenyewe. Wiki moja baadaye soga mbaya ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 30, na ile nzuri imeongezeka kwa karibu asilimia 35. Hakuna aliyefukuzwa wala kuhubiriwa. Ni kitufe kimoja tu kilichobadilishwa mahali.

Ndiyo maana nasisitiza vitufe kuliko moyo mgumu. Vijana huwa wananiambia, "Kocha, mimi nitazoea." Usizoee. Hakuna zawadi ya kuzoea kutukanwa.

Ngoja nikuoneshe inavyotokea, maana nikikaa na mwanafunzi kutazama marudio ya mechi aliyopoteza, naliona tena na tena. Anacheza Lion, mmoja wa wahusika wa gemu, na kazi yake ni kumlinda mhusika wa mwenzake, Phantom Assassin. Dakika ya sita wote wawili wanakufa. Phantom Assassin anaanza kumbonyezea alama za ramani juu ya kichwa, pi-pi-pi, kisha anaandika tusi. Lion anafufuka, anarudi kwenye njia, anasimama karibu na mti, na hapo anabonyeza Enter ili ajitetee. Soga ikishafunguka, kibodi yote ni ya kuandikia. Pudge, mhusika wa timu pinzani, anatokea gizani, anamnasa na ndoano. Mwanafunzi anabonyeza Q ili amzimishe, na hakitokei kitu. Ukitazama ile soga, mwishoni mwa sentensi yake ya kujitetea zimejipanga herufi q nne. Kafa tena, akiwa na mana (nguvu ya kutumia uwezo) ya kutosha na uwezo wote tayari. Kifo cha kwanza kilikuwa cha ugeni, na ugeni unaisha. Hiki cha pili kimeletwa na kule kujibu, na kukiepuka hakuhitaji ufundi wowote.

Kwa hiyo sheria ninayowapa ni hii: tusi la kwanza, zima. Usisubiri la tatu, usimwonye, usimwambie kwamba unamzima. Fungua jedwali la wachezaji, kando ya jina lake kuna alama ya kuzima sauti na maandishi, bonyeza, rudi kwenye ramani. Fanya hivyo ukiwa umekufa au upo kambini, kamwe usifanye ukiwa mbele ya adui. Mgeni kabisa anaweza hata kuwazima wote wanne kabla mechi haijaanza.

Nitaulizwa, sasa mawasiliano je? Dota ina gurudumu la maneno: shikilia Y, chagua "adui haonekani" au "rudini nyuma", na kila mmoja anaisoma kwa lugha aliyoiweka kwenye mchezo wake. Kwetu hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa ukiwa Afrika Mashariki unachezea seva za Dubai, Afrika Kusini au Ulaya Magharibi, na mara nyingi hamna lugha moja. Karibu kila kitu ambacho mgeni anahitaji kusema kimo humo.

Tena kujibu kuna gharama inayokufuata mechi inayofuata. Mfumo una alama za tabia, na tangu 2023 zinafika hadi 12,000, pamoja na alama za mawasiliano zinazohesabiwa kando. Ukitukanana naye, na wewe unaripotiwa. Alama zikishuka unaanza kupangwa na watu wa alama za chini, na huko ndiko kwenye matusi zaidi.

Kuna hoja moja inayowapa wanafunzi wangu nguvu kuliko zote: mfumo unawapanga watu wa kiwango kinachokaribiana. Anayekuambia hujui kucheza yumo kwenye mechi ile ile kwa kuwa naye kiwango chake ni hicho hicho. Wapo wazoefu wanaojificha kwenye akaunti mpya, ni kweli, lakini uamuzi wa kuwa mahali pa wageni ni wao.

Je, kila neno kali ni la kupuuzwa? Hapana. "Acha kusogea mbele peke yako" likisemwa kwa ukali bado ni ushauri, tena mzuri. Kipimo changu ni kama ndani yake kuna kitendo unachoweza kukifanya. Kipo, chukua kitendo, ukali uache. Hakipo, zima.

Matusi ya rangi, ya dini, vitisho, na yale machafu wanayotupiwa wasichana mara tu sauti zao zikisikika, hayo siyaweki kwenye fungu la hasira za mechi. Hayo unaripoti kila yanapotokea. Msichana anayejifunza asiambiwe aache kuongea ili apate amani. Aingie na watu anaowaamini, ili akitukanwa asiwe peke yake.

Na hapo ndipo dawa kubwa ilipo, kwa maoni yangu: punguza idadi ya wageni kwenye timu yako. Ukiingia na wenzako wawili, wasiojulikana wanabaki wawili badala ya wanne. Anza na roboti, kisha Turbo, ambako mechi ni fupi na kosa haliumi sana. Mechi za daraja, zile zinazopandisha au kushusha cheo chako, wala usiziwazie, mfumo wenyewe unataka kwanza uwe umecheza saa 100.

Wenzako utawapata humo humo. Mechi ikiisha, hata mliyopoteza, tafuta yule aliyenyamaza akacheza, au aliyekununulia kitu bila kuombwa. Mpe sifa kwenye skrini ya matokeo, tuma ombi la urafiki, na umwalike kwenye mechi inayofuata kabla hajapangwa na watu wengine.