Wanajeshi 3,069 si vikosi 3,069

Natafsiri habari hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na neno la Kiingereza linalonikosesha usingizi ni "troops". Mara nyingi nalisikia likisomwa redioni kama "vikosi": vikosi elfu mbili vimevuka, vikosi mia tano vinakuja. Siku moja mama mmoja anayeuza fretini (samaki wadogo) huko Birere aliniuliza, "Mwanangu, vikosi elfu mbili, vitalala wapi?" Aliuliza kwa hofu. Kikosi kikiwa na watu thelathini tu, hao ni watu elfu sitini. Mtu aliyekwisha kukimbia vita mara mbili, akisikia hesabu kama hiyo, anafunga virago.

Kwa umoja, "troop" kweli ni kundi: la maskauti, la nyani, au kikosi cha wapanda farasi. Lakini "troops" ikitanguliwa na tarakimu huhesabu vichwa, yaani mwanajeshi mmoja mmoja. Isipotanguliwa na tarakimu, semeni vikosi au majeshi, sina ugomvi.

Nadhani Kifaransa ndicho kinachotuponza. Neno hilo la Kiingereza lilitoka huko, kwenye "troupe", na sisi tangu shuleni tunajua troupe ya ngoma, troupe ya maigizo, yaani kundi. Ila Mfaransa akihesabu askari husema "soldats" (askari) au "hommes" (watu).

Chukueni Azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Machi 2013, lililounda brigedi ya kupambana na makundi yenye silaha, makao yake yakiwa papa hapa Goma. Idadi iliyotajwa ilikuwa wanajeshi 3,069, kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Vikosi vyake vilikuwa vitano: batalioni tatu za askari wa miguu, kikosi cha mizinga, na kombania ya makomando na upelelezi. Vitano!

Mimi huandika "wanajeshi". Nyumbani tunasema masoda, na kila mtu anaelewa, lakini msikilizaji wa Dar es Salaam atafikiria chupa. "Askari" ni neno zuri, ila linabeba pia polisi na mlinzi wa getini. Na kwa watu wa makundi ya msituni, Kiingereza chenyewe mara nyingi huacha "troops" na kusema "fighters". Hao ni wapiganaji. Msiwavishe sare ya jeshi kwa tafsiri.