Malale si jina la matatizo yote ya usingizi

Mwezi uliopita niliwasilisha kwa mara ya tatu mapendekezo ya mada za utafiti wa afya katika mkoa wetu wa Tabora, na kwa mara ya tatu mstari niliouandika "afya ya usingizi na matatizo yake" ulirudi ukiwa umehamishiwa kwenye kundi la magonjwa yanayoenezwa na wadudu. Aliyeuhamisha si mtu mzembe. Alinieleza kwa heshima zote: "Daktari, ugonjwa wa usingizi si ndiyo malale? Na malale siku hizi imepungua, ndiyo maana tumeiweka chini." Maneno hayo nimeyasikia kliniki, nimeyasikia vikaoni, nimeyasikia hata kwa wauguzi niliowafundisha mwenyewe, na uvumilivu wangu umefika mwisho.

Kosa hili lina historia, na historia hiyo ni ya kwetu. Katika misitu ya miombo ya Tabora na Kigoma, ndorobo, yaani mbung'o anayeeneza malale, ndiye aliyeamua watu wakae wapi. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilihamisha vijiji vizima na kuvikusanya katika makazi makubwa, ili pori lifyekwe na watu wakae mbali na mbung'o. Baadaye kituo cha Tabora cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, kilijulikana kwa kazi yake juu ya malale. Basi mtu wa hapa akisikia "usingizi" na "utafiti" vikitajwa pamoja, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwa mbung'o, na simlaumu kwa hilo.

Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwa sababu hata ugonjwa wa malale wenyewe hauko kama unavyodhaniwa. Wagonjwa wa malale walipopimwa mawimbi ya ubongo kwa saa 24 mfululizo, ilionekana kwamba jumla ya usingizi wao haikuwa imeongezeka sana. Kilichovurugika ni mpangilio: usiku mgonjwa anakesha, mchana anasinzia akiwa na tonge mkononi, na mara nyingi anaingia kwenye usingizi wa ndoto papo hapo, bila kupitia hatua zinazoutangulia. Kimelea kikishaingia kwenye ubongo huivuruga saa ya mwili. Kwa hiyo ugonjwa tulioupa jina la usingizi haumfanyi mtu alale kupita kiasi, bali humfanya alale wakati usio wake, na kama tumekosea hapo, si ajabu tunakosea penginepo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Mgonjwa akiniambia "Daktari, silali", sentensi hiyo inaweza kuwa imebeba matatizo manne yasiyo na undugu. Kuna asiyepata usingizi, ambaye ana kitanda, ana muda, ana utulivu, lakini macho hayafumbi, angalau usiku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu. Kuna asiye na nafasi ya kulala. Kuna anayelala usiku kucha lakini pumzi zake zinakatika, kwa hiyo asubuhi anaamka kama aliyepigwa. Na kuna aliyechoka tu kwa upungufu wa damu au kwa huzuni iliyomkaa moyoni, ambaye ukimpa mkeka chini ya mwembe atajinyoosha mchana kutwa asisinzie hata kidogo. Kuchoka na kusinzia ni vitu viwili, na Kiswahili kinavitenganisha vizuri sana. Ni sisi watabibu tunaoviandika kwenye faili kama kitu kimoja.

Huyo wa pili nilimfahamu kwa gharama. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu alikuja mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo, msimu wa kukausha. Anayejua bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto, anajua kazi yake: jani likishapandishwa, moto unatunzwa mchana na usiku kwa takriban wiki nzima, joto likipandishwa hatua kwa hatua. Ukizidisha, jani linaungua. Ukiacha moto ushuke, linaharibika rangi, na sokoni rangi ndiyo bei. Mzee yule alikuwa akijilaza kwenye gunia mbele ya mdomo wa tanuri, akiamka kila mara kuongeza gogo na kutazama kipimajoto. Aliniambia halali. Nikampa dawa ya usingizi. Baada ya wiki tatu alirudi mkewe, peke yake, akaniambia, "Baba alilala vizuri, Daktari, lakini jani la bani zima liliungua." Sikuwa nimemuuliza anafanya kazi gani usiku. Yule baba hakuwa na ugonjwa wowote wa usingizi. Alikuwa amenyimwa nafasi ya kulala, na dawa yake ilikuwa mtu wa kupokezana naye zamu, au bani lililojengwa vizuri zaidi.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kupanga vipaumbele vya utafiti hakuwezi kuanza kabla ya kutenganisha makundi haya. Kila moja linataka wataalamu wake na fedha zake. Ukiyachanganya, utapata takwimu kubwa ya "wasiolala", na wa kwanza kuifurahia atakuwa muuza vidonge.

Zana zetu nazo zinanitia mashaka. Dodoso la Epworth, lililotungwa Australia mwaka 1991, lina maswali manane yenye alama 0 hadi 3 kila moja, na linamuuliza mtu uwezekano wa kusinzia akitazama televisheni, akisoma, au akiwa kwenye gari lililosimama kwa dakika chache katika foleni. Muulize hayo mama wa Sikonge anayetembea kwa miguu na asiye na televisheni. Atakupa sifuri, nawe utaandika kwamba hasinzii. Vifaa vya kuvaa mkononi ni afadhali, lakini navyo vinahesabu mwili uliotulia kuwa umelala, na kwenye kitanda kimoja chenye mama na watoto watatu, mguu wa mtoto unatosha kuharibu hesabu.

Hata ile kanuni ya kulala saa 7 au zaidi kila usiku ninayowaambia wagonjwa siitamki tena kwa uhakika niliokuwa nao. Utafiti uliotoka mwaka 2015 uliwapima Wahadzabe wa hapa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, ukakuta wanalala wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1, na wachache sana walilalamika kukosa usingizi. Niliposoma matokeo hayo nilijiuliza ni wangapi nimewaogopesha bure. Lakini yananiuma kwa namna nyingine pia: usingizi wa Wahadzabe umepimwa mara kadhaa kwa sababu unajibu swali la wanasayansi juu ya asili ya binadamu, ilhali mvuvi wa dagaa wa Kigoma, anayekesha ziwani na taa yake usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi, anabeba swali letu wenyewe.

Nani basi achague? Marekani iliunda kituo cha taifa cha utafiti wa matatizo ya usingizi mwaka 1993. Uingereza, tangu 2004, ina utaratibu wa James Lind Alliance, unaowakalisha wagonjwa, walezi na watabibu meza moja hadi wakubaliane maswali 10 ya kwanza. Utaratibu huo wa pili ndio ninaoutaka hapa, kwa kuwa hauhitaji maabara, unahitaji baraza la kijiji na mtu anayejua kusikiliza.

Wanaoniambia malaria kwanza, ninakubaliana nao kabisa. Chandarua humlinda aliye ndani yake, kwa hiyo saa anayoingia kulala, na joto linalomtoa nje usiku, ni swali la malaria na ni swali la usingizi kwa pamoja. Mtoto mwenye selimundu ambaye oksijeni yake inashuka akilala hatutamwona kwa kipimo cha mchana. Na mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya zuio la miaka mingi, kusinzia kwa dereva kulipaswa kuwa swali la utafiti siku ileile. Kuhusu kukoroma nitasema moja tu: si dalili ya usingizi mnono, na mke anayesema "anakata pumzi halafu anashtuka" aaminiwe.

Mapendekezo yangu nitayapeleka mara ya nne, safari hii bila maneno "ugonjwa wa usingizi" popote. Mada inasomeka: "Nani anasinzia, saa ngapi, akiwa anafanya nini, na nani anamwona." Dodoso nimeliandika upya pamoja na wanawake wa vijiji viwili vya tumbaku, kwa kuwa wao ndio mashahidi wa usiku wa waume zao. Swali la foleni limetoka. Mahali pake tumeandika: "Umekaa peke yako mbele ya tanuri, moto unawaka vizuri, hakuna wa kuzungumza naye."