Joto la jangwani halipashi maji ya bahari

"Kaka, huku ni nyuzi 44. Tupeleke ufukwe wowote ulio karibu, leo maji lazima yatakuwa vuguvugu."

Ujumbe huo niliupata Jumamosi moja ya Juni kutoka kwa familia iliyofikia Palm Springs, mji wa jangwani kusini mwa California. Kwa miaka niliyopeleka watu baharini kutoka bonde la Coachella, uliko mji huo, nadhani ulikuwa wa mia. Nikajibu: bebeni masweta. Wakanitumia emoji za kucheka. Saa nne asubuhi walikuwa Huntington Beach, wamejikunyata ndani ya mataulo, mtoto akiuliza jua limekwenda wapi.

Jua liko palepale, mwanangu. Jangwa ndilo limesaidia kuliziba.

Bonde likichemka, hewa yake hupanda, mgandamizo hushuka, na hewa nzito ya baharini huvutwa kuja kuziba pengo. Mlango wake mkubwa ni njia nyembamba iliyo kati ya milima ya San Gorgonio na San Jacinto. Kila mgeni anayepita pale kwenye barabara ya I-10 hupiga picha mamia ya mitambo ya upepo, na hakuna anayeniuliza kinachoizungusha. Ni pwani hiyo, inakimbilia kwenu! Hewa hiyo imekwisha kupita juu ya maji baridi, unyevu wake umekuwa wingu la chini linalolala ufukweni mpaka adhuhuri, pengine kutwa nzima. Wenyeji wameipa miezi majina kwa ajili yake: Kijivu cha Mei, Giza la Juni. Kwa hiyo tanuri unalolikimbia ndilo linalokuvutia blanketi huko unakokwenda.

Ningependa kuishia hapo nionekane mtaalamu, lakini mambo hayako sawa hivyo kila siku. Kuna siku joto la bonde huja na mgandamizo mkubwa angani, unaolikandamiza lile wingu hadi linakuwa jembamba kama kitambaa, na saa tatu pwani yote inang'aa. Nyuzi ni zilezile 44, matokeo ni kinyume. Alfajiri huangalia kamera za ufukweni, nasoma utabiri, na bado nakosea. Niliwahi kuwaahidi wazee wawili jua la saa sita, tukakaa chini ya wingu hadi saa kumi na moja jioni tukinywa chai ya chupa.

Na hata jua likiwaka, maji hayana habari nalo. Mkondo wa California hutoka kaskazini na ubaridi wake. Julai, bahari ya kusini mwa California huwa kama nyuzi 18 hadi 21. Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma siku mbili tatu mfululizo, husukuma maji ya juu kwenda nje na ya kilindini yakapanda kuchukua nafasi, basi unaweza kukuta anga safi kabisa na maji yanayokata vifundo. Aliyezoea Bahari ya Hindi hanielewi mpaka atumbukize mguu.

Tuje kwenye hilo neno "karibu", maana ndilo linalonichosha zaidi. Kutoka Palm Springs, fukwe za Huntington, Newport, Laguna na Oceanside zote ziko kwenye kilomita 160 hivi au zaidi kidogo. Tofauti iliyopo humezwa na foleni ya barabara ya 91 kabla hujamaliza kulalamika. Swali la maana ni ufukwe unatazama wapi. Wakati wa kiangazi cha huku, dhoruba za upande wa New Zealand hurusha mawimbi marefu yanayosafiri kama wiki nzima, na fukwe zinazotazama kusini ndizo huyapokea. Pale Wedge, mwisho wa rasi ya Balboa huko Newport, wimbi hugonga ukuta wa mawe wa bandari, likarudi na kupandana na linalofuata. Siku kubwa huzidi mita 6. Nimeombwa kupeleka watoto pale kwa sababu "picha zake ni nzuri".

Mwenye watoto wadogo nampeleka Baby Beach, ndani ya bandari ya Dana Point, ambako mawimbi hayafiki. Ila maji ya bandarini hayazunguki vizuri, kwa hiyo nasoma kwanza matangazo ya usafi wake. Anayetaka majabali na vihori, yaani vighuba vidogo, aende Laguna, lakini maji yakipwa. Bamvua likijaa, baadhi ya vihori havibakizi mchanga wa kutandika hata mkeka, na hapo umeshashuka ngazi zote za ufukwe wa Thousand Steps, yaani "Ngazi Elfu", ambazo kwa kweli hazifiki hata 300.

Mengine upesi. Ufukwe wa Seal Beach una samaki wengi aina ya taa, wale bapa wenye mwiba mkiani, mchangani; buruza nyayo unapoingia. Mvua ikinyesha, subiri siku tatu kabla ya kuingia majini. Wingu halizuii kuungua na jua. Na ile njia tulivu kati ya mawimbi, hasa karibu na nguzo za gati, usiione kuwa ndiyo salama, mara nyingi ni mkondo unaotoka nje. Ukikuvuta, ogelea sambamba na ufukwe.

Ukiniachia mimi nichague, nachagua mwezi kabla ya ufukwe: Septemba au Oktoba. Maji bado yameshika joto la kiangazi, na pepo za Santa Ana zikianza, hewa hugeuka ikatoka jangwani kwenda baharini na ukungu ukafagiwa. Pepo hizohizo huchochea moto wa vichakani, basi siku hizo nachungulia habari za barabara kwanza.

Ile familia ya Juni? Saa nane wingu lilifunguka kwa muda. Mtoto akaingia hadi magotini, akapiga yowe, akatoka mbio. Tukarudi. Tulipopita mitambo ya upepo, mama yake akavua taulo na kuniomba niwashe kiyoyozi.