Anayekataa ni mtoto, si mama yake

Mama mmoja alikuja kwangu na mtoto wa mwaka mmoja na miezi 10 mgongoni, kadi ya kliniki ameifunga kwenye pindo la kanga. Alipoketi, kabla sijauliza chochote, akaniuliza yeye: "Dada, watamchukua mwanangu?"

Katika kituo alichokuwa akienda awali, mhudumu alimwambia mbele ya wenzake kwamba mtoto asipoanza kula vizuri watamripoti ustawi wa jamii. Tangu siku hiyo hakurudi. Miezi minne ilipita. Mtoto mwenyewe alikuwa anakula uji, chapati na ndizi mbivu. Mboga za majani akiziona tu anageuza uso, maharage anayatema.

Nilimpima. Kilo 10.3, na ukiunganisha na nukta za nyuma kwenye kadi mstari wake haukuwa umeyumba. Mtoto alikuwa mzima, ila dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela, inayotolewa akifikisha miezi 18, ilikuwa imempita. Tishio lililotolewa kwa jina la kumlinda ndilo lililomkosesha kinga. Jambo hili limeniuma, na ndiyo sababu ya kuandika.

Nianze na mtoto anavyokua. Katika mwaka wa kwanza anaongeza uzito mara tatu: aliyezaliwa na kilo 3 anafika karibu 9. Mwaka wa pili anaongeza kilo mbili na nusu hivi, basi. Mwili ukipunguza mwendo, na njaa nayo inapungua. Mama aliyezoea bakuli linalokwisha anaona sasa linarudi nusu, anaingiwa na hofu. Wakati huohuo mtoto amejifunza kutembea, na hapo ndipo watoto wengi wanapoanza kuogopa chakula kigeni. Mimi naiona ni hekima ya maumbile, kwa kuwa anayeweza kutembea peke yake anaweza pia kuchuma jani lolote na kulitia mdomoni. Mara nyingi anahitaji kuonjeshwa kitu kilekile mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Akina mama wengi ninaowaona hukata tamaa mara ya tatu, wanasema, "Huyu mchicha hapendi."

Kinachofuata huwa kibaya zaidi: kumlaza mtoto mapajani, kumbana pua na kummiminia uji. Naomba sana tuache. Uji ukipita njia ya hewa unaingia kwenye mapafu na kuleta nimonia, na hata akinusurika, mtoto anajifunza kwamba bakuli ni adui. Mara nyingi pia tatizo liko nje ya sahani. Mtoto amekunywa maziwa kikombe juu ya kikombe tangu asubuhi, au amepewa biskuti na soda na shangazi, au chai ya rangi, ambayo mbali na kumshibisha huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Hapa Tanzania, ambako utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, kikombe hicho si kitu kidogo.

Daktari Clara Davis wa Marekani aliwahi kuwaacha watoto 15 wajichagulie wenyewe kati ya vyakula 34, na akatoa muhtasari wa matokeo mwaka 1939. Kila mmoja alikula kwa namna yake, siku nyingine vituko vitupu, lakini wote walikua vizuri. Ila watu husahau kwamba vyakula vyote 34 vilikuwa vya asili na vyema. Aliyevichagua ni mtu mzima. Kazi ya mzazi ni ipi basi? Ni kuamua kinachoingia mezani na saa ya kula. Kiasi amwachie mtoto.

Sasa tuje kwenye sheria, maana inatajwa ovyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inampa mtoto haki ya chakula na inamwajibisha mzazi au mlezi kumtunza. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Lakini soma kifungu cha 95, kinachomtaka kila mwanajamii kutoa taarifa: kinamzungumzia mzazi anayeweza kumpa mtoto chakula lakini anakataa au anapuuza. Anayekataa pale ni mzazi. Hakuna mahali sheria inapomhukumu mama kwa sababu mwanawe ametema maharage. Hata taarifa ikitolewa, afisa ustawi wa jamii anatakiwa kwanza amwite mzazi wazungumze.

Hata hivyo, kadi nzuri isitulevye. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Annals of Internal Medicine liliandika habari za kijana wa Bristol, Uingereza, ambaye tangu shule ya msingi alikula chipsi, krispi na mkate mweupe karibu peke yake. Akiwa na miaka 17 uoni wake ulikuwa umeharibika vibaya. Urefu na uzito wake ulikuwa wa kawaida. Kwa hiyo siangalii mzani tu: namwuliza mama kama orodha ya vyakula inapanuka au inazidi kufinywa, na naangalia weupe wa viganja na wa ndani ya kope, dalili ya upungufu wa damu.

Nitamwita afisa ustawi wa jamii bila kusita utepe wa kupimia unene wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5, yaani utapiamlo mkali, au miguu yote miwili imevimba, na mzazi aliyepewa rufaa anagoma kwenda. Nitamwita pia nikikuta mtoto mmoja anakonda katika nyumba ambayo wengine wanashiba, hasa akiwa mtoto wa kambo au yatima. Na nitamwita, kwa sauti tofauti kabisa, mama asipokuwa na kitu cha kupika, maana hapo ofisi yake inahitajika kwa msaada. Mambo haya yote yanahitaji mama awe ananijia. Akinikimbia, sitayaona.

Yule mtoto alichanjwa siku ileile. Nilimwambia mama aache kumwekea sahani yake peke yake, amkalishe na kaka zake, mchicha kidogo pembeni ya ugali, na asiseme neno. Amerudi mara mbili tangu hapo. Mchicha bado mtoto anautema, lakini sasa anauingiza mdomoni mwenyewe kwanza.